Saa Iliyogoma Mkononi mwa Baba Saumu

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuza mayai pale Temeke, enzi ambazo ukitoka Temeke kwenda Mtoni unapita mikorosho mitupu. Mayai ya siku zile hayakuja kwenye trei. Yalikuja kwenye vikapu, yamefukiwa kwenye makapi ya mpunga, mwanamke kayabeba kichwani toka huko Kongowe, na kila kikapu hakikosi viza. Wengine walikuwa wakiyatumbukiza majini kuyapima. Bibi hakutaka maji. Alilishika yai, akalitikisa kidogo karibu na sikio, akafumba macho. "Hili zima," anasema, analiweka kulia. "Hili bure," analitupa. Siku moja akalishika moja muda mrefu kuliko mengine, kisha akaninyooshea. "Hili lina mtu. Sikiliza."

Nikasikiliza. Sikusikia kitu.

"Husikii kwa kuwa unataka kusikia," akaniambia. "Acha kutaka."

Nikaacha kutaka, na hapo nikasikia kitu kama mtu anayekuna ukuta kwa kucha, chumba cha pili. Nikapiga ukelele, yai likaanguka. Nilichapwa vizuri sana, na wala si kwa ajili ya yai. Nilichapwa kwa kupiga ukelele mbele ya wateja.

Hayo hayahusiani na saa, najua. Nayasema kwa sababu baadaye watu waliniuliza mie mtu wa darasa la nne nimejifunzia wapi kusikiliza kitu kidogo namna ile, na jibu jingine sina. Baada ya mayai nilibeba mizigo, nikachoma matofali, nikauza maji ya kopo, nikafagia. Katika kufagia ndipo nilipofika kwenye jengo lile la maduka kule Mikocheni, na katika jengo lile kulikuwa na duka la saa. Juzi vijana wa dukani waliponikatia keki ya kuniaga waliniambia, "Mzee Pingili, andika hata kidogo." Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Cheo kilikuwa kimoja tu, na mshahara wenyewe unaona haya kutajwa.

Siku ya kwanza niliingia kufagia, nikasimama katikati ya duka na ufagio wangu, nikaogopa. Saa zote kwenye makabati ya kioo zilikuwa zimesimama, na zote zimesimama saa nne na dakika kumi. Kuta zote, makabati yote, saa nne na dakika kumi. Kwetu mtu akifa ndipo watu husimamisha mambo namna ile. Nikamuuliza dada mmoja aliyekuwa anapanga vitambaa, mrefu, mweusi wa kung'aa, anaongea kwa kuvuta maneno kama watu wa Bukoba: "Sista, kuna msiba?"

Akacheka hadi akashika kaunta. "Kaka, hivyo ndivyo saa inavyopangwa ili itabasamu. Mishale ikiwa hivi ni kama mdomo. Hujaona?"

Nikaona. Tangu siku hiyo nikawa naona midomo mia inanicheka kila asubuhi. Mtu anazoea.

Dada yule ni Leokadia, aliyekuwa mkubwa wa wauzaji. Sie tulimwita Madam Leo. Ndiye aliyenitoa kwenye ufagio akanifundisha kazi ya pingili. Mkanda wa chuma wa saa umeungwa kwa vipande vipande kama muwa, ndizo pingili. Mteja mwenye mkono mwembamba unampunguzia, mnene unamwongezea. Zana zenyewe: msumari mwembamba wa kusukumia pini, nyundo ndogo ya plastiki, koleo, na kibao chenye mifereji ya kulazia mkanda. Nawaambia vijana, sukumeni pini kufuata mshale uliochorwa ndani ya mkanda. Mkisukuma kinyume mtaikwangua saa ya watu, na mtajua kulia. Ukimaliza, unampa mteja avae, halafu unapitisha kidole chako cha shahada kati ya mkanda na mkono wake. Kikipita kwa raha, basi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka yote, kupitisha kidole kwenye mikono ya watu. Mikono ya wachungaji, ya waheshimiwa, ya wale vijana wanaokunja shati upande mmoja tu ili saa ionekane. Kila mkono una mapigo yake, na yanapiga kwenye kidole changu watake wasitake. Niliwahi kumwambia mheshimiwa mmoja akapime presha. Alikasirika, lakini alikwenda.

Madam Leo alikuwa anazijua saa. Nasema anazijua, siyo kama hawa wanaosoma kikaratasi cha bei halafu wanasema "hii ni nzuri sana bosi." Kila Jumatatu kabla ya kufungua alituweka mstari, tunafumba macho, anatuwekea saa kiganjani, uso wa saa umefunikwa kitambaa. Mwambie ni ipi. Kwa uzito, kwa sauti, kwa baridi yake. Ukikosea anasema, "Rudi kijijini." Mie nilikuwa sikosei sana, kwa sababu niliyoieleza hapo juu. Halafu tulikariri maneno. Kila saa ilikuwa na maneno yake ya kumwambia mteja, na maneno hayakubadilishwa, kwa kuwa wakubwa walikuwa na mtindo wa kutuma watu wanaojifanya wateja ili kupima kama tunazijua bidhaa. Anaingia mtu kavaa vizuri, anauliza vizuri, unamjibu hovyo, wiki ijayo unaitwa. Wawili waliondoka hivyo. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye nguo nzuri na maswali mengi tulimwogopa kama nyoka.

Kwa saa za otomatiki maneno yalikuwa haya, nayajua mpaka leo: "Saa hii haina betri. Inakula mwendo wa mkono wako. Ndani yake kuna kipande cha chuma mfano wa nusu mwezi, kinazunguka kila unapotembea, kinaijaza nguvu. Ukiivua ukaiweka mezani itaishi siku mbili hivi, kisha italala. Lakini mkono ulio hai hauiachi isimame." Madam Leo akiyasema hayo, pale kwenye "mkono ulio hai" alikuwa anamgusa mteja kidogo juu ya kiganja. Saa zilinunuliwa.

Sasa nije kwa Baba Saumu.

Mara ya kwanza alipokuja mie nilikuwa bado na nywele nyeusi. Mtu wa Mbagala, mcheshi, amepata vito huko machimboni akauza vizuri, akaingia na kandambili kwenye duka lile na kila mtu akamgeuzia mgongo isipokuwa Madam Leo. Akanunua saa ya otomatiki, mkanda wa chuma, uso wa buluu. Nilimwongezea pingili maana mkono ulikuwa kama mpini wa shoka. Akanitania, "Bwana, ukikosa kazi hapa njoo machimboni, una macho ya kuona vidogo." Akaenda zake.

Alirudi miaka ilipopita. Mie sikumtambua uso. Nilitambua saa, halafu mfupa wa mkono, ule mfupa wa pembeni uliotokeza. Nyama hakuna. Saa ilikuwa inacheza toka kiganjani mpaka karibu na kiwiko.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeumwa?"

"Mie mzima. Saa ndiyo mgonjwa. Inasimama."

Nikapunguza pingili, nikapitisha kidole. Mapigo yapo, ya taratibu sana, kama mtu anayegonga mlango huku hataki kufunguliwa. Madam Leo akaichukua saa, akaitikisa, akaiweka sikioni, ikaamka mara moja. Akaivaa mwenyewe akaenda nayo kwake Tegeta, akarudi nayo baada ya siku kadhaa, inatembea haijapoteza hata dakika. Akampa. "Haina neno, kaka yangu."

Wiki haijaisha karudi. Imesimama.

Fundi wetu wa juu ghorofani akaifungua. Safi. Nusu mwezi inazunguka kama feni. Tukaiweka kwenye mashine ya kuzungushia, ikatembea. Tukampa, akaja nayo imekufa. Madam Leo akaanza kuchukia, maana hakuwahi kushindwa na saa.

"Kaka, niambie ukweli. Kutwa unafanya nini? Umelala?"

"Natembea."

"Wapi?"

"Kokote. Leo nimekuja kwa miguu toka Mbagala."

Tukamtazama miguu. Vumbi lilikuwa mpaka magotini.

"Saa inasema hujatembea," Madam Leo akamwambia. "Hii saa haijui kudanganya. Inasema mkono huu umelazwa mahali, haujainuliwa."

Yule bwana akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Akatueleza. Alikuwa machimboni shimo likaporomoka. Waliokuwa juu waliwahesabu waliotoka, yeye hakuwemo. Habari ikafika Mbagala. Nyumbani wakamsalia bila maiti, wakamsomea hitma, wakala wali, mke akakaa eda akaimaliza. Yeye alikuwa katoka kwa tundu la shimo jingine, kachanganyikiwa, kaokotwa na watu asiowajua, kaugua huko hata jina lake halitaji. Alipopata akili akarudi kwake. Akabisha hodi mchana kweupe. Saumu, binti yake, ndiye aliyefungua, akamwona, akaufunga mlango taratibu.

"Nikapokelewa," akasema. "Siyo kwamba sikupokelewa. Mke wangu kanitandikia sebuleni. Chakula ananiwekea sahani yangu peke yake, na nikimaliza ile sahani haichanganyi na nyingine. Usiku huwa anasimama mlangoni anasikiliza kama napumua. Mie namwona. Na shemeji yangu Shaweji anamwambia, mtu aliyesomewa hitma harudi, dada, uliza vizuri umemfungulia nani."

"Na saa?" nikamuuliza.

"Mke wangu anasema zamani haikuwahi kusimama mkononi mwangu hata siku moja. Na kweli haikuwahi. Sasa kila asubuhi anakuja kuiangalia. Kaniambia, Baba Saumu, saa hiyo ikitembea juma zima nakurudishia chumba chako." Akamwangalia Madam Leo. "Nyie ndio mnaozijua. Hebu niambieni basi. Mie nipo?"

Madam Leo hakuwa na maneno ya kukariri kwa swali hilo. Akasema, "Mlete mkeo. Nitamwonyesha mwenyewe kwa macho yake kwamba ni mashine tu, haina elimu ya mtu."

Wakaja watatu, mchana wa joto, kiyoyozi kimepigwa hadi vioo vya duka ni baridi ukigusa. Bi Mwanahawa, mke, amejitanda kanga juu ya baibui, mtu mpole, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alikaa mbali na mumewe, kiti cha mwisho. Lakini niliona amemshonea kifungo cha shati kwa uzi wa rangi nyingine, uzi mpya. Mtu humshonei kifungo kama humtaki. Shaweji, kaka yake, alisimama nyuma yake, mikono kifuani, mnene, mtu wa kuuza mbao.

Madam Leo akaamsha saa mbele yao, akaiweka sawa, akamvisha. "Kaka, nenda mwisho wa ukumbi wa nje kule kwenye ngazi, rudi. Tembea kwa kurusha mkono."

Akaenda. Tulimwona kupitia kioo, anarusha mkono kama askari. Watoto waliokuwa na aiskrimu wakamcheka. Akarudi anatweta, akaunyoosha mkono juu ya kaunta.

Mshale wa sekunde ulikuwa umesimama.

Mie nikasogea, nikapitisha kidole chini ya mkanda kama ninavyofanya kwa kila mtu. Mapigo yalikuwepo, tena ya haraka sasa.

"Mama," nikamwambia Bi Mwanahawa, "njoo uweke kidole chako hapa. Moyo unapiga."

Akainuka nusu. Shaweji akamshika bega.

"Babu, na umri wako wote," Shaweji akaniambia, "hata feni ukiizima huendelea kuzunguka kidogo."

"Feni haitoki jasho."

"Wewe umeajiriwa kukata mikanda au kufufua watu?"

"Shaweji, nyamaza," Bi Mwanahawa akasema. Akamgeukia Madam Leo. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya heshima, kama ya mtu aliyekwenda kupokea majibu hospitali. "Dada yangu, mie sikusoma. Huyu babu anasema hivi, kaka yangu anasema vile. Wewe ndiye mwenye kuzijua. Ukiniambia saa inaweza kusimama mkononi mwa mtu aliye hai, mie namchukua mume wangu saa hizi, tunakwenda nyumbani, na asiyetaka asije kwangu. Inaweza?"

Na jibu lilikuwepo, vijana wangu. Inaweza. Mara chache, lakini inaweza, mafuta ya ndani yakiganda, au mwili wa mtu ukiwa na mambo yake. Fundi alishawahi kutueleza. Madam Leo alilijua vizuri kuliko sie wote, na niliuona mdomo wake unafunguka kulisema.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke wa makamo, miwani, suti ya kijivu, mkoba wa ngozi. Akasimama karibu na kabati la kwanza, akatutazama mmoja mmoja. Sote tuliokuwa ndani tukajua kwamba huyu katumwa. Mgongo wa Madam Leo ukanyooka wenyewe. Niliyaona macho yake yanahama toka kwa Bi Mwanahawa yanakwenda kwa yule mgeni na kurudi, na sauti yake ikabadilika ikawa ile ya kuuzia, tamu, ya kuvuta.

"Saa hii haina betri," akasema. "Inakula mwendo wa mkono wako. Ndani yake kuna kipande cha chuma mfano wa nusu mwezi, kinazunguka kila unapotembea, kinaijaza nguvu. Ukiivua ukaiweka mezani itaishi siku mbili hivi, kisha italala. Lakini mkono ulio hai hauiachi isimame."

Na akanyoosha mkono wake, kwa mazoea, akamgusa Baba Saumu juu ya kiganja.

Hapo ndipo alipoyasikia maneno yake. Aliurudisha mkono kama aliyegusa pasi. "Hapana," akasema, "mama, subiri, hayo ni maneno ya..." Lakini Bi Mwanahawa alikuwa ameshashuka kitini, amekaa sakafuni, amejifunika uso wote kwa kanga. Shaweji akasema "Umesikia," siyo kwa kejeli, kwa woga. Yule mwanamke wa miwani akauliza kama kuna choo karibu. Ndicho alichokuwa anatafuta.

Baba Saumu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliufungua mkanda polepole, akaivua saa, akailaza kwenye kitambaa cheusi cha kaunta, uso juu, akainyoosha ikae sawa kama tunavyoweka sie.

Ilipolala tu, mshale wa sekunde ukaanza kutembea. Tuliuona wote. Kwenye ukimya ule niliisikia bila hata kuinama.

"Mama Saumu," akasema. Mkewe hakufunua uso. Baba Saumu akangoja. Halafu akaniangalia mie, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayeaga msibani, akaenda mlangoni. Mlango wetu wa kioo ulikuwa mzito. Aliweka kiganja chote, akasukuma, akatoka, ukajifunga nyuma yake.

Kiganja kilibaki kwenye kioo. Vidole vyote, na michirizi ya jasho inashuka toka kwenye ncha zake.

Bi Mwanahawa alikuwa amefunua uso. Sijui aliona nini kwanza, saa au kioo. Aliinuka akaenda mlangoni, Shaweji akamwita hakumsikia, akaweka kiganja chake juu ya kile pale kwenye kioo, akakiacha.

"Kina joto," akasema.

Akausukuma mlango akatoka mbio. Ukumbi ulikuwa umejaa watu na mifuko yao, wale watoto bado wana aiskrimu. Nilimsikia anaita jina halisi la mumewe, Athumani, Athumani, mpaka kwenye ngazi, mpaka nje kwenye maegesho kwenye jua. Walinzi wa geti walisema wamemwona mtu mwembamba anavuka barabara, hana haraka. Baba Saumu hakurudi dukani. Mbagala hakurudi.